Hasira ya Mlinzi wa Mlondo

Wasemao hasira ni hasara hawakuishi Mlondo mwaka ule wa ishirini na mbili wa Pazia. Mkawasi, mlinzi wa msitu, alikuwa amekaa na hasira yake siku tisa, au ndivyo alivyowaambia watu, na hasira hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli la mwisho kwenye lango la msitu.

Makufuli mengine yote yalikuwa yamekwisha. Waya wa uzio uliliwa na kutu ukabaki kama uzi wa kushonea. Askari wa mwisho alishuka bondeni miaka saba iliyopita kumtafuta mkewe, hakurudi. Watu mia moja themanini na wanne wa kijiji cha Kirumbi wangeweza kupanda asubuhi yoyote, wakalisukuma lango kwa bega, wakafungua koki na kuyateremsha kwao maji yote ya nyavu za kunasa ukungu. Hawakufanya hivyo. Kwao Wataita, msitu wa fighi ni ardhi ya wazee isiyoguswa, na jambo la fighi haliamuliwi na mtu mwenye kinyongo. Mlinzi sharti kwanza atase: achukue maji kinywani, ayapulize chini, kisha aitaje hasira yake mbele ya watu bila kubakisha. Hapo ndipo neno lake linakuwa neno. Koki ikifunguliwa kabla ya hapo, yanayotoka ni maji ya ugomvi, na hakuna mama wa Kirumbi ambaye angemnywesha mwanawe.

Basi Mkawasi hakutasa. Kila walipomjia aliwaambia, "Bado nina hasira," nao wakageuka wakarudi. Wakati mwingine watu wema ndio rahisi kuonewa.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinama juu ya hadubini katika kibanda chake cha mabati, shuka mbili mabegani, akitazama tope. Nje jua lilikuwa limepanda, jeupe, halina joto. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita mataifa makubwa yalipotandaza angani unga ulioitwa Pazia, ili kuipoza dunia iliyokuwa ikiungua. Walisema ni wa miaka mitano, utaanguka wenyewe. Haukuanguka. Bahari ikapoa, na bahari iliyopoa haitoi mvuke wa maana, na pasipo mvuke hakuna mvua. Misitu ya bara ilikauka mmoja baada ya mwingine, ikaungua, ikawa majivu. Hapa tu, kwenye kilele kinachotazamana na bahari, ukungu uliendelea kupanda alfajiri, na juu ya kilele hicho zilisimama nyavu za nyuzi baridi zinazounasa ukungu na kuudondosha matone. Maji yalishuka kwa bomba hadi kwenye kigawanyo, yakakatwa nusu kwa nusu, nusu ya watu na nusu ya msitu.

Zamani nyavu zilitoa lita elfu nane kwa siku. Jana zilitoa mia tisa.

Msitu ulikuwa na aina mia tatu na kumi na moja za miti. Mkawasi aliijua yote, mmoja mmoja, kama mwalimu anavyojua darasa lake, watundu kwa wapole. Hakukuwa na msitu mwingine uliobaki. Huo ulikuwa upande mmoja wa mzani. Upande wa pili ulikuwa Kirumbi, ambako mgawo ulifika lita mbili na kidogo kwa kila mtu, za kunywa, kupika na kuogea, na waliozidiwa walichota kisima cha chumvi chini ya shule. Maji ya kisima kile yaliwaharisha wakubwa. Wadogo yaliwaua.

Alisikia watu langoni, akafunika hadubini kwa kitambaa, akatoka.

*

Walikuwa wengi kuliko siku zote. Mbele alisimama Mwadime, mdogo wake wa tumbo moja, mwenyekiti wa Kirumbi, mtu ambaye utotoni aliogopa kinyonga na mpaka sasa aliogopa ila hakusema. Mkononi alishika kikombe cha bati chenye maji, kikombe cha kutasia, akikilinda kisimwagike.

"Hodi, dada."

"Karibu, Mwadime. Hasira bado ninayo."

"Leo sikuja kuiulizia. Nimekuja kukuambia tulimzika Righa juzi."

"Niliona."

"Uliona ukiwa wapi?"

"Juu, kwenye nyavu."

"Basi uliona kaburi lenyewe lilivyokuwa dogo," Mwadime alisema. "Nilichimba mwenyewe. Haikufika hata nusu saa."

Righa alikuwa mjukuu wa Mwadime, na kwa hiyo alikuwa mjukuu wa Mkawasi pia, mtoto wa miezi kumi na mmoja, mwana pekee wa Wakesho, binti wa Mwadime. Wakesho mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. Alikuwa amejifunga kanga kifuani kwa nguvu, imebana mpaka pumzi inatoka nusunusu, kwa sababu maziwa yalikuwa hayajajua kuwa yaache kutoka. Mkawasi alimtazama mara moja tu, akayaondoa macho.

Maganga, fundi wa mabomba, alipenya hadi mbele na panga lake. "Mwenyekiti, tutaubembeleza mti mpaka lini? Koki ile pale. Ni kuizungusha tu."

"Haya, izungushe," Mwadime alimwambia bila kugeuka. "Halafu umwite mama yako aje anywe wa kwanza."

Maganga aliitazama koki, akautazama udongo, akarudi nyuma.

"Lakini leo hatushuki," Mwadime akaendelea. "Tutakaa papa hapa. Wa kufa atafia mbele yako, umwone kwa karibu, si kutoka kwenye nyavu. Mama yetu hakutuzaa tufanyiane hivi, dada."

"Ule si msitu wangu, Mwadime. Mimi nikiufungia maji, hakuna atakayekuja kuupanda tena. Hakuna mbegu popote. Unaelewa? Popote."

"Naelewa. Mimi na wewe tulisoma shule moja. Na Righa yuko popote?"

Watu walianza kukaa chini, mmoja mmoja, kina mama kwanza. Wakesho hakukaa. Alisogea hadi kwenye waya, akaushika, akazungumza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza njia.

"Shangazi, hiyo hasira yako. Unamkasirikia nani?"

Mkawasi alifungua kinywa. Siku tisa hakuna aliyemuuliza swali hilo, na sasa alipolitafutia jibu, hakulipata. Akageuka, akaingia msituni karibu akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minane.

*

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye Ufa.

Ufa ulikuwa chini ya genge la mashariki, mahali ambapo mwamba ulipasuka zamani zisizokumbukwa ukaacha uwazi wa hatua ishirini kwa nane. Upepo wa bahari ulijigonga humo, ukakosa pa kutokea, ukaacha unyevu wake ukutani. Ukweli wote wa Mkawasi ulikuwa humo, ukweli aliokuwa ameuficha.

Kila mwaka chavua za miti hupeperuka na kutua kwenye kinamasi cha Mlondo, tope linazifunika, na mwaka unaofuata nyingine zinatua juu yake. Chavua haiozi upesi. Ukizamisha bomba refu kwenye kinamasi ukatoa mche wa tope, umetoa kumbukumbu za mlima, juu siku za jana, chini maelfu ya miaka. Mkawasi alikuwa ameusoma mche huo tangu Pazia lilipoanza, akitafuta jambo moja: wakati ule wa kale, barafu ilipofunika nchi za kaskazini na mvua zikapotea huku kwetu, msitu huu uliponaje? Kila mtu alijua ulipona. Ndiyo sababu ya kuwekwa nyavu Mlondo na si kwingine. Walisema mlima huu ni maficho, na miti ilijificha humu baridi ikapita.

Siku ya tatu ya kukataa kutasa, alifika kwenye tabaka la baridi kali. Alilitazama kioo baada ya kioo. Zilikuwa chavua za nyasi. Nyasi, nyasi, nyasi. Msitu mkubwa, huo anaoupigania, ulikuwa umekufa wote wakati ule, ukawa mbuga ya manyasi kwa karne nyingi. Lakini katikati ya nyasi zile zilikuwepo chavua chache za miti, nzito, zenye kunata, zisizoweza kuruka mbali. Miti hiyo ilikuwa karibu. Na mahali pa karibu penye unyevu palikuwa hapa tu. Maficho hayakuwa mlima. Yalikuwa Ufa, na kutoka humo miti ile michache ilitambaa tena juu ya mlima, taratibu, kwa miaka elfu mbili. Mingine ilirudi na ndege kutoka milima ya mbali, ambayo leo ni majivu.

Alikuwa amepiga hesabu mpaka penseli ikaisha. Ufa ungetosha miti kumi na minne, kila mmoja wa aina yake. Lita tisini kwa siku zingeitunza. Lita mia nane na kumi zingebaki kwa watu, karibu mara mbili ya wanayopata, na hakuna ambaye angehitaji tena kisima cha chumvi.

Aliyajua hayo siku ya tatu. Hasira yake, ile ya kweli, ya kuwakasirikia watu wanaotaka kuua msitu ili wanywe, ilizimika siku hiyo hiyo, maana walikuwa na haki na tope lenyewe limewapa. Kilichobaki kilikuwa woga. Mia tatu na kumi na moja kutoa kumi na nne ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, lakini yeye hakuweza kuimaliza. Akajipa siku moja atafute njia nyingine. Akajipa ya pili. Siku ya nne Righa alianza kuharisha. Siku ya saba alikufa, na Mkawasi akatazama mazishi kutoka juu, akajiambia kwamba huenda angekufa tu. Watu husema hivyo misibani. Yeye alikuwa akijisemea peke yake, tena na tena, na hapakuwa na wa kuitikia.

Aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa Ufa. Ulikuwa na unyevu kidogo, kama paji la uso la mgonjwa. Alilia hapo, kwa sauti, mtu mzima. Kisha akajifuta, akarudi langoni, kwa sababu hakukuwa tena na pa kwenda.

*

Walipomwona anakuja wakasimama. Alifungua lango kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, akawaongoza hadi kwenye kigawanyo, penye koki na birika la saruji la kunyweshea, akamnyooshea Mwadime mkono. Mwadime alimpa kikombe. Kuna mama aliyevuta pumzi ya shukrani, na mwingine akamnyamazisha.

Mkawasi alichukua maji kinywani. Yalikuwa ya vuguvugu kwa kukaa mikononi mwa ndugu yake. Desturi ni kuyashika maji, kuisema hasira moyoni, kisha kuyapuliza maji na kuirudia hasira kwa sauti, na anayedanganya hapo, wazee walisema, hutafunwa na maneno yake mwenyewe. Aliyapuliza. Yakatua kwenye vumbi na kunywewa mara moja.

"Sina hasira," alisema.

Watu wakatazamana.

"Sina, na sijakuwa nayo tangu siku ya tatu. Niliwadanganya. Siku ya tatu nilijua kuwa msitu ukikauka si mwisho, kuna Ufa chini ya genge unaoweza kubeba miti kumi na minne, kwa maji kidogo tu. Yanayobaki yangewatosha. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa naogopa kuchagua. Nikasema nina hasira, kwa kuwa nilijua mtaiheshimu."

Mwadime aliinua vidole, akaanza kuhesabu. Alihesabu polepole kama mtu asiyejua hesabu, ingawa aliijua vizuri. Siku ya tatu. Ya nne. Alipofika ya saba alikishusha kidole hicho akakifunika kwa mkono wa pili.

"Siku sita," alisema.

"Siku sita."

"Righa alikuwa bado mzima."

"Alikuwa bado mzima, Mwadime."

Mkawasi aliizungusha koki. Ilikuwa ngumu, ikalia, kisha bomba la msitu likanyamaza na maji yakaingia yote kwenye birika, kwa kishindo ambacho watoto wa Kirumbi hawakuwahi kukisikia. Birika likaanza kujaa. Hakuna aliyesogea.

Maana hasira ilikuwa imehama. Mlinzi alikuwa hana, lakini sasa ilimjaa mwenyekiti, kila mtu aliiona shingoni mwake, na maji yalikuwa bado ni maji ya ugomvi. Maganga alichota kikombe akamletea kwa mikono miwili. Mwadime alikipokea. Alipiga funda, mashavu yakajaa, akasimama hivyo huku maji ya birika yakipanda. Mtoto mmoja alianza kulia kwa kuyaona maji. Mwadime alijaribu, mishipa ikamtoka, macho yakalowa. Halafu akameza.

"Siwezi," alisema. "Nisameheni. Siwezi."

Mama mmoja alikaa chini akajifunika uso. Birika lilijaa, likaanza kufurika, na maji yakaenda na mteremko, yakipita katikati ya miguu ya watu wenye kiu.

Wakesho alikitoa kikombe mkononi mwa baba yake. Hakuuliza ruhusa, na haikuwa kazi ya mwanamke wa umri wake. Akachota, akatia kinywani, akafumba macho. Mkawasi alitamani ardhi immeze. Kisha Wakesho akapuliza, kwa nguvu, na matone mengine yakamrukia shangazi yake miguuni.

"Hasira hii ni ya mtoto wangu, ni yangu kabla ya kuwa ya baba," alisema. "Siitupi kwa kuwa imekwisha. Naitupa kwa kuwa watoto wenu wana kiu. Kunyweni."

Walikunywa. Walikunywa wamepiga magoti, wamelala kifudifudi, wengine wanacheka na wengine wanatapika na kunywa tena. Mwadime alikunywa wa mwisho, amempa dada yake mgongo, na tangu siku hiyo hakumwita dada tena.

*

Jioni kabla ya giza, Wakesho alimkuta Mkawasi msituni na koleo na magunia, akitaka kuanza kuhamisha miche kwenda Ufani. Mizizi ingestahimili juma moja bila maji, si zaidi.

"Umeshaichagua hiyo kumi na minne?" Wakesho aliuliza.

"Bado. Nilidhani nianze na..."

"Usichague wewe."

Mkawasi aliliweka koleo chini.

"Nitachagua mimi," Wakesho alisema. "Wewe utaniambia kila mti ni nini, unafanya nini, utaniambia kweli, halafu mimi ndiye nitakayesema."

"Huijui, mwanangu. Kuna ambayo bila mti mwingine haizai. Kuna ya dawa. Inahitaji miaka kuijua."

"Utaniambia. Si unaijua yote?"

Haikuwa hasira. Hasira aliimwaga pale birikani na alikuwa mkweli alipoimwaga. Lilikuwa jambo jingine, ambalo Mkawasi hakuwa na haki hata ya kulipa jina. Akaitikia kwa kichwa.

Wakesho alitazama juu, kwenye majani ambayo tayari yalikuwa yameanza kujikunja. Mkono wake mmoja ulikuwa umeishika ile kanga kifuani.

"Upi unaoupenda kuliko yote humu ndani?"

Swali lilikuwa wazi, na lilikokuwa likielekea kulikuwa wazi vilevile. Mkawasi angeweza kunyoosha kidole kwa mpodo wowote, kwa mkuyu wowote, na Wakesho asingejua. Kudanganya alikujua, siku sita zilikuwa zimemfundisha. Lakini aligeuka kushoto, akatembea hatua kumi, akasimama mbele ya mti mwembamba wenye gome la rangi ya asali. Ulikuwa mmoja tu wa aina yake duniani. Aliugundua mwenyewe, hakuna kitabu kilichokuwa na jina lake, akauita Mghoi, jina la mama aliyemzaa yeye na Mwadime. Aliwahi kuufunika kwa shuka zake mwenyewe usiku wa baridi kali, akalala bila kitu.

"Huu," alisema, na akauwekea mkono.

Wakesho aligusa gome, akanusa vidole vyake.

"Huu hautaingia," alisema. "Haya, nitajie wa pili."